Asiposana Huvukuta

Mimi si fundi magari. Baba yangu ndiye fundi, na kwa miaka mingi niliishi nikidhani ufundi wake umenirukia kwa kukaa naye karibu, kama harufu inavyomrukia mtu anayekatiza soko la samaki. Kumbe nilichobeba ni hiyo harufu tu. Nililijua hilo usiku mmoja wa Oktoba 2011, mjini Janesville, jimbo la Wisconsin, nikiwa nimeinamia injini ya pikapu ya Chevrolet ya mwaka 1970, nusu ya nyusi yangu ya kushoto imeungua.

Uongo wenyewe niliusema mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo. Theluji ilikuwa imeyeyuka, na jirani yangu, mzee wa miaka karibu 70, alikuwa amefungua mlango mkubwa wa banda la gari akipigwa na jua. Ndani, chini ya turubai, kulikuwa na kitu kirefu. Tulikuwa tumeshazoeana kwa kupeana koleo la theluji. Mimi nilikuwa namwita Mzee, na yeye alikuwa amelipokea jina hilo kwa furaha akidhani ni cheo cha namna fulani. Sikumkosoa, maana kwa kweli ni cheo.

Akavuta turubai. Akaniuliza, unajua injini?

Nikasema, baba yangu ana gereji.

"Kwa hiyo unajua."

"Kidogo."

Shida ilikuwa hiyo "kidogo". Aliisikia kama unyenyekevu wa mtu anayejua sana. Nami nikaiacha iende.

Ukweli ni kwamba katika gereji ya baba, pale Ngamiani, Tanga, kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Pia niliosha vyuma kwa petroli ndani ya karai, nilitumwa spana namba 14 nikarudi na namba 12, na saa nne asubuhi nilikwenda kununua chai na chapati za mafundi. Watu husema mtoto wa mhunzi asiposana huvukuta. Basi mimi nilivukuta kwa tochi, tena vibaya. Baba angekuwa kalala chini ya Land Cruiser ya shamba la mkonge, mimi namulika huku nikitazama wanaocheza mpira barabarani, mpaka sauti itoke uvunguni: "Mwanga uko wapi? Unamulika gari au unamulika mawazo yako?"

Kitu kimoja tu cha injini nilikijua kwa moyo. Land Cruiser zile, FJ45 za petroli, zina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na plagi zake haziwaki kwa kufuatana moja mbili tatu. Zinawaka kwa mpango wake: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Baba alitukaririsha mimi na kaka yangu kwa sauti ileile ya madrasa, kama alifu, be, te. Tulikuwa tukipiga makofi tunaimba "moja-tano-tatu, sita-mbili-nne" njiani kwenda shule, wenzetu wakidhani ni mchezo. Wimbo niliujua. Unaanzia wapi, hilo sikuwahi kuuliza.

Mzee naye alikuwa na la kwake. Alikuwa amefanya kazi miaka 30 katika kiwanda cha General Motors cha hapohapo Janesville, akastaafu mwaka 1995. Kiwanda kile kilikuwa kikitoa Chevrolet tangu 1923. Mimi nilihamia mji ule mwaka 2009, miezi michache tu baada ya gari la mwisho la GM, Tahoe, kushuka mstarini tarehe 23 Desemba 2008, na nyumba nilipata kwa kodi nafuu kwa sababu hiyohiyo ambayo majirani walikuwa hawapendi kuizungumza. Ukipita upande ule wa mji, kando ya mto Rock, uliona maegesho makubwa matupu, mistari ya rangi bado ipo, magari hakuna.

Pikapu hiyo Mzee aliinunua kwa mkulima mwaka 1984, ikamfanyia kazi, halafu ikalala. Siku ile ya kwanza alinipeleka kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pana kibamba kidogo cha chuma kilichopigwa riveti, chenye herufi na namba. Akazifuta kwa kidole gumba, akanisomea moja moja: C, gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, S, silinda sita, 1, nusu tani, 4, pikapu, 0, mwaka 1970. Kisha J. Hapo akanyamaza ili niulize. Nikauliza. "Janesville," akasema.

Kwa maana nyingine, lilipita mbele yake. Nilimuuliza kama alikumbuka. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa anakumbuka sahani gani aliyolia wali mwaka ule.

Nisimalize maneno kwenye kutu, ila lazima niseme hili. Sisi watu wa pwani tunaijua chumvi. Bati la nyumba ya Tanga unaweka leo, baada ya miaka michache limeanza kuwa jekundu, na lawama tunaipa bahari. Wisconsin haina bahari, lakini kila majira ya baridi chumvi inamwagwa barabarani kwa malori, makusudi, ili barafu iyeyuke, na chumvi ile inapanda na maji machafu mpaka kwenye sakafu ya gari, pembe za kebini, na ule ukingo ulio chini ya milango. Tulipong'oa kiti tuliona saruji ya banda kupitia sakafu. Ukiweka mguu wa kulia pasipofaa unaendesha kwa miguu, kama baiskeli.

Na nyuma ya kiti, ndani ya kebini humohumo anamokaa dereva, kuna tangi la petroli. Ndivyo walivyoyaunda magari yale. Lita 70 na ushee za petroli zinakaa mgongoni pako, na ukikata kona kali unasikia zinavyobembea. Nilipomweleza baba kwa simu hakuamini. Akauliza kama tumenunua gari au jiko.

Mwezi baada ya mwezi tukalitengeneza. Jambo lililonishangaza Marekani ni kwamba gari la mwaka 1970 unaliagizia pembe ya kebini mpya, sakafu mpya, hata mbao za sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo zikiwa zimekwishapigwa randa na kutobolewa, zinakuja mlangoni kwako ndani ya boksi. Pale kwetu baba angechukua mlango wa friji bovu akakata pembe hiyo kwa mkasi wa bati, akaigonga juu ya reli mpaka ikubali. Sisemi ipi bora. Nasema tu kwamba nilipofungua boksi lile la kwanza nilijisikia kama nimeibia mtihani.

Kuchomelea tulimlipa mtu. Kupiga msasa tulifanya wenyewe, na kuhusu msasa sina la kuwaambia zaidi ya kwamba mabega yangu bado yanaukumbuka.

Ila milango! Kule kiwandani, Mzee alikuwa mtu wa milango. Miaka kumi na kitu kati ya ile 30, kazi yake ilikuwa kuining'iniza na kuilinganisha milango. Mlango wa kushoto ulimchukua wikiendi tatu. Analegeza bawaba, anaweka kipande cha mbao, anapandisha kwa jeki kiasi cha unene wa ukucha, anakaza, anafunga, anasikiliza. Halafu anatoa noti ya dola moja, anaibana kati ya mlango na mpira wake, anaivuta taratibu. Ikitoka kirahisi, mlango haujakaa. Anahamia inchi nne mbele, anabana tena. Alizunguka mlango mzima na noti ile mpaka ikalainika kama kitambaa. Mlango ulipokubali, haukugonga. Ulisema *tap*, kwa sauti ndogo nzito, kama kitabu kikubwa kinapofungwa na mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake.

Kwa hiyo ilipofika Oktoba 2011 tulikuwa na pikapu ya bluu iliyokolea, yenye mbao zinazong'aa nyuma, yenye milango ya kumkaribisha mfalme, na isiyowaka.

Injini ilikuwa upande wangu. Silinda sita, inchi za ujazo 250, yaani lita nne na kidogo. Haikuhitaji ovahoo, tulitia oili kwenye silinda tukaiacha wiki nzima, ikazunguka bila kinyongo. Tuliitoa ili kusafisha na kubadilisha gasketi zinazovuja, na katika kuitoa mimi nikaing'oa distributa. Ni kidude kimoja cha kugawia plagi cheche, chenye kofia ya plastiki na waya saba kichwani, kimesimama kwenye tundu ubavuni mwa injini, unafungua bolti moja unakivuta kinatoka. Kilitoka kirahisi mno. Ilikuwa inipase kushtuka, maana baba ana sheria moja ambayo hata tochi iliisikia: kabla hujang'oa, weka alama. Msumari, chaki, rangi ya kucha ya mama, chochote. Sikuweka. Na miezi iliyofuata, kila aliyepita karibu aliizungusha injini ile kidogo kufurahia kuona inazunguka.

Usiku wa Jumamosi ile nilikuwa nimeirudisha distributa kwa kukisia. Kwenye puli ya mbele kuna mkwaruzo, na mkabala wake kuna kibao chenye namba. Nilipeleka mkwaruzo kwenye sifuri kama kitabu kilivyosema, nikaielekeza rota, ule mkono unaozunguka chini ya kofia ya distributa, kwenye waya wa namba moja, nikapanga waya zilizobaki kwa wimbo wa Ngamiani. Moja-tano-tatu, sita-mbili-nne. Nilihisi ufundi umenishukia. Mzee akaingia kebini, akafunga mlango, *tap*, akakamata ufunguo.

Mara ya kwanza injini ilizunguka tu. Nikamwambia mafuta hayajafika, nikachukua kifuniko cha chupa ya soda, nikatia petroli kidogo mdomoni mwa kabureta, nikainama kutazama. Mara ya pili ikakohoa. Nikatia kifuniko kingine, nikainama zaidi.

Mara ya tatu kabureta ikatema moto. Haukuwa mwingi, ulikuwa ulimi mmoja wa njano wenye sauti ya mbwa mkubwa, ukanilamba uso ukarudi ndani. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umesimama pale mlangoni tangu asubuhi, Mzee mwenyewe ndiye aliyeuweka. Akaruka nje, akaupita, akavua kofia yake ya pamba akaanza kunipiga nayo usoni. Sijui alinipiga mara ngapi. Moto ulikuwa umezimika zamani.

Tukakaa. Banda zima linanuka nywele.

"Baba yako," akasema alipopata pumzi, "jambo kama hili hulifanyaje?"

Nikamtazama. Unajua kuna uongo unaochoka wenyewe, hauhitaji hata kusukumwa. Nikamwambia: Mzee, mimi nilikuwa nashika tochi. Nikamweleza yote, chai, chapati, karai, spana namba 12. Nilitegemea akasirike, mtu wa Tanga angekasirika kwanza kisha acheke. Yeye aliivaa kofia yake, akaitengeneza kichwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Miaka 30," akasema. "Sijawahi kugusa injini hata moja. Zilikuwa zinakuja zimeshafungwa. Kebini inashushwa kutoka juu, injini ipo chini tayari, unaiona kidogo tu, imekwenda." Kisha akasema, "Nilidhani wewe unajua."

"Nilidhani wewe unajua," nikamjibu, na hilo lilikuwa kweli. Mtu wa kiwanda cha magari!

Ndipo tukacheka.

Ilikuwa saa nne usiku. Tanga ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, baba ameshatoka msikitini. Nilikuwa na kadi ya simu ya dola tano, zile za kukwangua, niliyonunua duka la Waafrika. Nikaweka simu kwenye spika, nikaisimamisha juu ya fenda, juu ya taulo maana Mzee asingeruhusu kitu kigumu kigusane na rangi ile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna nini saa hizi?"

"Hakuna kitu. Ni lile gari."

"Lile lisilobeba kitu?" Tangu mwanzo hilo lilikuwa likimsumbua. Aliniuliza zamani linabeba nini, nikamwambia halibebi kitu, akauliza sasa mnalitengenezea nini, na jibu langu halikumwingia hata siku moja.

Nikamweleza. Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Uling'oa bila alama."

"Ndiyo, baba."

"Haya. Sita mstari?"

"Sita mstari."

"Imba."

"Nini?"

"Imba, nisikie kama hujasahau."

Basi, mbele ya mzee wa Kimarekani, na mkewe aliyekuwa ameingia na koti juu ya nguo ya kulalia kuuliza nani anaungua, nikaimba moja-tano-tatu, sita-mbili-nne. Baba akasema nzuri, hiyo ndiyo ileile. Niliulizia baadaye nikaelewa kwa nini hakushangaa: injini ya kwanza kabisa ya Toyota, ya miaka ya 1930, iliigwa kutoka sita ya Chevrolet. Baba hajawahi kuiona Chevrolet ile, lakini ndugu zake wa Kijapani alikuwa amewafungua na kuwafunga maisha yake yote.

"Sasa sikiliza. Hiyo alama ya puli inafika sifuri mara mbili. Mara moja pistoni inapanda kubana hewa, mara moja inapanda kutoa moshi. Wewe umeikamata kwenye moshi. Cheche inapigwa wakati valvu iko wazi, lazima iteme. Fungua plagi zote. Tia kidole kwenye tundu la namba moja, ile ya mbele, karibu na feni. Mwenzako azungushe polepole. Upepo ukisukuma kidole, hapo ndipo. Usipokisukuma, sipo."

Azungushe na nini? Injini ile haina bolti mbele ya puli pa kuweka spana, puli imeshindiliwa tu. Starta inazungusha kwa kasi, kidole hakisikii vizuri, na mimi baada ya ule moto sikutaka mkono wangu uwe karibu na kitu chenye haraka. Baba akasema ingiza gia ya tatu, sukumeni gari.

Kwa hiyo tukalisukuma. Yaani, walilisukuma. Nilichomoa plagi zote sita, nikatia kidole cha shahada kwenye tundu, nikatembea kinyumenyume nimeinama ubavuni mwa gari kama mtu anayempima ng'ombe. Mzee aliegemeza mgongo kwenye bampa ya nyuma, mkewe akaweka mikono miwili kwenye fenda, ndara miguuni, nje baridi ya Oktoba. Kila nusu mita na kidogo injini inazunguka mara moja. Gari likaenda kiasi cha hatua moja. Mkwaruzo ukakaribia sifuri. Kidole hakikusikia kitu.

"Upepo?"

"Hakuna."

"Sukumeni tena, mzunguko mzima."

Likaenda tena. Mara, ndani ya tundu lile, kitu kikaanza kunisukuma. Nisiseme kwa nguvu. Ilikuwa kama mtoto anapuliza kidole chako apoze chai. Kikaongezeka, kikapenya pembeni kwa kuzomea, "fsss". Nikapiga kelele simama, na wote wawili wakasimama wakihema. Mkwaruzo ulikuwa vidole viwili kabla ya sifuri. Wakausogeza.

"Umesikia?" baba akauliza.

"Nimesikia."

"Miaka yote ile ulikuwa umesimama na tochi hapohapo," akasema, akaendelea na kazi.

Kuirudisha distributa ndiko kulikochukua muda. Meno yake yamekatwa mshazari, kwa hiyo inaposhuka inajizungusha yenyewe. Ukiielekeza namba moja ukiwa juu, ikifika chini imeelekea kwingine. Baba akasema anzia nyuma kidogo. Nikaanzia nyuma kidogo. Ikashuka, ikakwama, imebaki sentimita moja hivi haijakaa. Nikaivuta, nikarudia, ikakwama palepale. Nikanyoosha mkono kuchukua nyundo ya mpira.

"Usigonge!"

Niliapa baadaye kwamba sikuwa hata nimeishika. Alinijua tu.

"Chini ya shimo kuna kichwa cha pampu ya oili," akasema. "Mkia wa distributa ndio unaoizungusha. Mkia na kichwa havijaelekeana. Chukua bisibisi ndefu, ingiza shimoni, zungusha kile kichwa kidogo. Mwenzako amulike."

Mzee akaleta tochi. Akamulika. Na nawaambia ukweli, mwanga ulitulia juu ya lile tundu kama umepigiliwa msumari, haukutikisika hata mara moja. Mkono wa miaka 70. Nikageuza kichwa cha pampu kwa bisibisi, nikashusha distributa, ikazunguka kidogo, ikasita, ikaingia. *Klik.* Ikakaa chini kabisa, rota ikitazama waya wa namba moja.

Nikafunga plagi, nikarudisha waya kwa wimbo, safari hii nikiimba kwa sauti bila aibu. Mzee akapanda. Mkewe ndiye aliyeshika mtungi wa moto, akasimama nao kifuani kama anamngoja mtu kituoni.

Ikawaka mara ya kwanza. Si mara ya pili, ya kwanza. Ilitetemeka, ikatoa moshi wa bluu mlangoni, ikapata pumzi, ikaanza kusema ile sauti ya sita mstari isiyo na mbwembwe, ya mtu mzima anayetembea kwenda shamba. Mzee ndani alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, haendi popote. Mimi nilikuwa napiga kelele kwenye simu: imewaka baba, imewaka!

"Nasikia. Kuna moja inamisi."

"Eti?"

"Inamisi, sikiliza. Moja haifanyi kazi."

Sikusikia chochote. Kwangu mimi ilikuwa kaswida. "Ya ngapi?"

"Niko Tanga, nitajuaje ya ngapi? Vuta waya moja moja."

Nikavuta kwa koleo lililofungwa kitambaa. Namba moja, injini ikayumba. Namba mbili, ikayumba. Namba tatu nikapigwa shoti mpaka kiwikoni. Namba nne, hakuna badiliko. Waya haukuwa umezama vizuri kwenye kofia ya distributa. Nikaushindilia kwa kidole gumba, na hapo nikaisikia tofauti, kama mtu aliyekuwa akichechemea kidogo amevua kokoto kiatuni.

"Haya," baba akasema. "Sasa ndiyo."

Mzee akaizima akashuka, akaufunga mlango nyuma yake bila kufikiri. *Tap.*

"Nini hicho?" baba akauliza.

"Nini?"

"Hicho kilicholia."

"Mlango."

"Mlango wa gari hilohilo? La mwaka 1970?"

"Ndiyo."

"Hebu tena."

Nikamwambia Mzee aufungue aufunge tena, baba yangu anataka kusikia. Mzee akanitazama kuhakikisha kama si utani. Akaufungua wote, mpaka mwisho wa bawaba, akausukuma kwa ncha za vidole vitatu. *Tap.*

Kimya kutoka Tanga. Nyuma yake jogoo anawika, pikipiki inapita.

"Nani kaufunga huo?"

"Jirani. Ndiye aliyekuwa akiifanya kiwandani."

"Mwambie..." baba akaanza, na hapohapo akaingia yule mwanamke wa kwenye kadi kusema nimebakiwa na dakika moja, akayafunika maneno. Alipomaliza, baba alikuwa ameshafika mwisho: "...fundi huyo, kweli." Laini ikakatika kabla hata ya hiyo dakika moja, kama ilivyo kawaida yao.

Mzee akauliza kasemaje. Nikatafuta neno kwa Kiingereza. Yaliyokuja yote yalikuwa ya mtu wa oili na spana, au ya mtu mwenye cheti ukutani. Mwishowe nikamwambia kwa Kiswahili, kasema wewe ni fundi, nikamweleza maana yake kwa urefu, vibaya, kwa mikono. Akatikisa kichwa polepole. Mkewe akaweka mtungi chini, akasema yeye anakwenda kulala, akatuachia taa.

Nikaanza kukusanya spana. Nyuma yangu nikasikia mlango unafunguliwa, halafu *tap*. Baada ya kitambo, mlango wa upande wa pili.